Nani Mwenye Deni la Tetesi?

Tarehe inayotajwa sana Mbugangari siku hizi ni 19 Novemba 2026. Si ya uchaguzi, si ya kufunguliwa shule. Ni siku ambayo kampuni ya Rockstar imesema itatoa GTA VI, na vijana wa vyumba vya gemu hapa karibu na Petite Barrière wanaitaja kama watu wanaomngoja mjomba kutoka Ulaya. Simjui hata mmoja wao mwenye PlayStation 5, na bila mashine ya kizazi hicho mchezo wenyewe hautawaka. Wao wanachezea PlayStation 3 yenye maneti iliyofungwa kwa plasta, wanalipa kwa mechi, na umeme ukikatika mwenye chumba anaandika kwenye karatasi dakika anazowadai… hapana, wanazomdai yeye. Hiyo nayo huwa kesi.

Mzee mmoja wa mtaa aliniuliza: "Aba batoto banangoya nini? Kitu habana feza ya kununua?" Swali lake ni halali. Lakini mimi linanisumbua lingine. Watu wanapoishi kwa kubahatisha, nani ana deni? Anayebahatisha, anayeamini, au yule anayejua na kunyamaza? Ninaanzia kwenye gemu kwa sababu pale mambo yanaonekana wazi. Hakuna anayelala njaa kwa sababu trela imechelewa.

Tutazame kimya chenyewe. GTA V ilitoka Septemba 2013. Mpaka Februari 2022 ndipo kampuni ikaandika maneno machache kwamba mchezo unaofuata unaendelea kutengenezwa. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule wa 2013 alikuwa ameshamaliza la sita. Trela ya kwanza ikaja Desemba 2023, nayo ilivuja kwanza, ndiyo maana ikatolewa kabla ya saa yake. Kisha kimya tena, karibu mwaka mmoja na nusu. Tarehe 2 Mei 2025 wakasema mchezo umesogezwa hadi 26 Mei 2026, na siku nne baadaye, bila kumwambia mtu, wakatoa trela ya pili. Novemba ya mwaka huo huo wakasogeza tena, hadi tarehe hii inayoimbwa sasa.

Katikati ya kimya hicho watu walisoma kila kitu. Walisoma namba za magari kwenye picha, walisoma nguo. Kuna waliotazama hadi sura za mwezi kwenye matangazo wakatoa tarehe. Mwezi ukapita, tarehe ikapita.

Ni rahisi kucheka. Ila kaa nao jioni moja usikilize. Kijana ambaye hakumaliza sekondari anakueleza kwamba Rockstar ina mama yake, Take-Two ya New York, na kwamba mama huyo hutoa hesabu zake kila miezi mitatu mbele ya wenye hisa, kwa hiyo neno lolote zito litasemwa karibu na siku hizo. Na ni kweli: ahirisho la Novemba 2025 lilitangazwa siku ile ile ya taarifa ya fedha. Huo si ujinga. Ni akili ya mtu aliyefungiwa mlango akaanza kusikiliza nyayo. Kwetu Kongo kuna redio ya barabarani, ile tunayoita radio trottoir, na wasomi wengi wanaidharau, lakini inashika mawimbi vizuri zaidi pale redio nyingine zote zimezimwa.

Katika chumba kimoja kuna ubao mweusi, ulikuwa wa darasa. Ukitaka kutabiri, unaandika jina lako, tarehe yako na sababu yako. Bila sababu, mwenye chumba hakuandiki. Tarehe ikipita, jina linapigwa mstari na unanunua Fanta. Kuna kijana ambaye jina lake limepigwa mistari mingi hata wanamwita Fanta. Lakini kinachonivutia zaidi si ubao, ni swali ambalo mwenye chumba humuuliza kila anayeingia na habari mpya:

"Uliona, ulisikia, ao unataka tu?"

Na watu wanajibu kweli. "Nilisikia." "Nataka tu, yaya, usiandike." Hakuna aibu katika kusema unataka. Aibu ni kukiita kitu unachokitaka kuwa umekiona. Nimehudhuria semina nyingi juu ya habari za uongo, zenye chai na makaratasi, na sikumbuki iliyonipa kipimo kizuri kuliko hicho.

Kuna tetesi za aina nyingine, na hizo ni zetu sisi tuliovuka miaka thelathini. Sisi hatungoji kipya. Tunangoja cha zamani kirudi. Kila mwaka tunaambizana ni gemu gani itatengenezwa upya, na safari hii tunakuwa na ushahidi mkononi: Resident Evil 4 ya 2005 ilirudi 2023, Final Fantasy VII ya 1997 ilianza kurudi 2020, kipande kwa kipande na hadithi ikiwa imebadilishwa njiani, Metal Gear Solid 3 ya 2004 ikarudi Agosti 2025. Kwa nini zetu zisirudi?

Iliyotulea wengi wetu ni San Andreas ya 2004, kwenye PlayStation 2. Minong'ono kwamba itarudi ilidumu, halafu ikawa kweli. Novemba 2021 ilirudi pamoja na ndugu zake wawili katika furushi moja. Mvua yake ilikuwa kama nyuzi nyeupe zinazokuziba macho. Mabango ya maduka yalikosewa herufi. Kampuni ikaomba radhi kabla mwezi haujaisha. Na kumbe kabla ya kuleta mpya walikuwa wameziondoa zile za zamani kwenye duka lao la mtandaoni. Ikabidi wazirudishe kwa watu wa kompyuta. (Hilo peke yake lingestahili insha: anayekuahidi nyumba mpya na kukubomolea ya zamani kabla hujaiona.)

Lakini kinachonikaa kichwani ni ukungu. Mashine ile ya zamani ilikuwa na nguvu ndogo, haikuweza kuchora mbali, basi watengenezaji wakafunika umbali kwa ukungu. Kwa sababu ya ukungu tuliamini ile nchi ni kubwa mno. Kutoka Los Santos kwenda San Fierro ilikuwa safari ya kuagana. Mwaka 2021 nguvu zilikuwepo, ukungu ukaondolewa, na mtu akipanda Mlima Chiliad anaona miji yote kwa mara moja, imesongamana kama meza za soko. Nchi haikuwa imepungua. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Watu walilalamika mpaka Novemba 2024, ndipo sasisho moja likarudisha mwanga wa zamani na ukungu wake.

Mjomba wangu aliondoka Masisi mwaka 1996. Kule ukungu ni wa kweli, unalala juu ya majani mpaka jua lipande, na anapoeleza kilima chake, kilima hicho kinakuwa kipana kuliko wilaya nzima ya Rubavu. Hadanganyi. Lakini kila inapozuka habari kwamba njia imefunguka na watu wanarudi, yeye ndiye wa kwanza kuamini na wa kwanza kuipeleka kwa jirani. Siku moja nilimuuliza lile swali la chumba cha gemu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mimi nataka, mwanangu." Basi. Pale hakuna ofisi iliyomdanganya. Habari ilitoka kwenye hamu yake na ikavaa koti la habari. Mtu akiipokea kutoka kwake akafunga mizigo, sehemu ya deni ni ya mjomba, hata kama ni mtu mwema, hata kama nampenda.

Sasa nije kambini, maana ndiko nilikokuwa nikielekea.

Mwezi wa kwanza 2025 Marekani ilisimamisha programu yake ya kupokea wakimbizi, na hata watu waliokuwa na tarehe ya ndege walifutiwa safari. Tangazo lile lilikuwa chungu, lakini angalau lilikuwa tangazo. Kilichofuata ndicho kinachonishughulisha: miezi ya kuambiwa "subiri, utapigiwa simu". Dada yangu yuko Kigeme. Jirani yake ana cherehani, au alikuwa nayo. Ikasemwa kwamba kesi zote zilizosimama zitahamishiwa nchi nyingine na watu wataondoka haraka. Aliyeleta neno hilo ni mama wa heshima, amelisikia kwa binamu yake aliye Kampala, naye binamu amelisikia kwa mtu. Jirani akaenda kuuliza, akajibiwa kwamba hakuna habari mpya. Akaelewa, kama ambavyo yeyote angeelewa, kwamba wanaficha. Akauza cherehani ili asikutwe na safari ghafla akaiuza kwa bei ya kutupa.

Mama wa heshima alidanganya? Hapana, alisema alilosikia. Mfanyakazi aliyejibu kwamba hakuna habari alidanganya? Hapana, hakuwa nayo. Jirani alikuwa mjinga? Ukisema ndiyo, hujawahi kungoja. Watu watatu wakweli, na cherehani imekwenda.

Na pale penye kimya kirefu huja mtu wa nne, ambaye yeye ni mwongo kweli. Kwenye gemu tunamjua: Septemba 2022 video karibu 90 za GTA VI ikiwa haijakamilika ziliibwa na kumwagwa mtandaoni, na dunia nzima ikajifunza kwamba mwizi ndiye mwenye habari. Tangu hapo kila mwenye picha ya kughushi anapata wasikilizaji. Kambini mtu wa nne ni komisioneri, anayekuuzia nafasi kwenye listi ambayo haipo. Karatasi ukutani zinasema huduma ni bure. Watu wanazisoma, wanajua, na bado wanalipa, kwa sababu yeye peke yake ndiye anayewapa jibu lenye tarehe.

Rafiki yangu anayefanya kazi kwenye shirika moja aliniambia hoja yake, nami naiheshimu. "Nikisema labda mwezi wa sita, kesho kambi yote itasema mwezi wa sita. Kesho kutwa nitakuwa mwongo. Afadhali ninyamaze." Rockstar nao wanaweza kusema hivyo hivyo. Walisema 2025, wakasema Mei, sasa wanasema Novemba, na kila tarehe imewarudia kama deni.

Lakini kati ya kuahidi na kunyamaza kuna njia, na mfano wake upo. Mwaka 2017 Nintendo walitangaza Metroid Prime 4. Hapa Mbugangari sijaona mtu anayecheza vitu vya Nintendo, ila hadithi yake inajulikana. Januari 2019 mkubwa wao mmoja, Shinya Takahashi, alikaa mbele ya kamera akasema kwamba kazi iliyofanyika haikufikia kiwango, kwamba wanaanza upya, na kwamba watu watangoja sana. Hakutoa tarehe. Mchezo ulitoka Desemba 2025, karibu miaka saba baada ya maneno hayo. Wapenzi wake walinung'unika, ndiyo. Lakini waliweza kuendelea na maisha yao, kwa sababu walijua wanangoja nini na kwa nini.

Kusema matokeo ni jambo moja, kusema hali ni jingine. Rafiki yangu anaogopa la kwanza na kwa hofu hiyo anatunyima la pili. "Faili lako liko kwenye meza fulani, halijaguswa tangu mwezi wa tatu, mimi sina uwezo wa kulisukuma, nitarudi Ijumaa ya mwisho wa mwezi nikuambie tena hata kama hakuna kilichobadilika." Hiyo si ahadi. Hakuna anayeweza kuuza cherehani kwa maneno hayo.

Na hapa mfano wa gemu unaishia. Rockstar hawana deni kubwa kwangu mpaka siku nitakaponunua. Kimya chao ni biashara, kinawapa matangazo ya bure, na wakifurahia kutuchezea ni haki yao. Ofisi iliyochukua alama za vidole vyangu, majina ya watoto na habari ya namna nilivyokimbia iko mahali pengine. Kule sisubiri burudani. Muda wangu umewekwa mle ndani ya faili. Anayeshika muda wa mtu mwingine na kunyamaza amekuwa sehemu ya kila tetesi inayoota nje ya dirisha lake, hata kama hakuitamka. Sisemi deni lote ni lake. Mama wa heshima naye angesema tu, "nimesikia, sikuona." Mjomba naye angesema, "nataka." Lakini hao wangelipa sehemu yao kwa urahisi zaidi kama kungekuwa na mahali pa kwenda kupima neno kabla ya kuliamini.

Nimemwambia dada apendekeze kwenye kikao cha viongozi wa vijiji ubao kama ule wa chumba cha gemu, pale pale penye matangazo. Tunachojua, tusichojua, siku tutakayosema tena. Na wenye kubahatisha nao wapewe upande wao, na majina yao, na sababu. Ameniambia ubao upo tayari. Karatasi iliyobandikwa juu yake ni ya 2023, jua limeila nusu, na chini yake kuna nafasi kubwa.