Je, Ni Haki Kumzuia Mwenye Njaa Asivue?



Liko shauri linalosemwa sana siku hizi katika vijiji vya wavuvi, tangu Tanga hata Kilwa na Mtwara, na katika visiwa pia: kwamba wanakijiji wenyewe wakutane, wachague sehemu ya mwamba, waifunge kwa miezi kadhaa, mtu awaye yote asivue hapo mpaka siku ya kufungua. Sheria ya uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 imewapa wanavijiji nafasi ya kuunda vikundi vya kulinda pwani yao pamoja na serikali, hata shauri hili si la uasi wala la siri. Walakini kila liletwapo barazani, mtu mmoja husimama akasema: Bahari ni ya Mungu, na samaki hana mwenyewe mpaka amevuliwa. Nani amekupa wewe amri ya kuninyima chakula cha watoto wangu?

Wako wamchekao mtu huyu, wakimwita mjinga asiyejua maendeleo. Mimi naona haifai kumcheka. Neno lake ni zito, tena Zaburi ya 24 iko upande wake. Shamba lina jasho la mtu aliyelilima, na mnazi una mkono ulioupanda. Lakini mwamba haukupandwa na mtu, wala pweza hakufugwa na mtu. Basi na tulipime neno hili kama lipasavyo kupimwa.

Na tuanze na huyo pweza, kwa kuwa mara nyingi miamba hufungwa kwa ajili yake. Umri wake ni mfupi, kama mwaka mmoja hivi, naye hukua upesi kuliko samaki wengi. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake: huingia pangoni, huyalinda mayai yake bila kula, na yakiisha kuanguliwa naye hufa. Kwa hiyo amchokoaye jike pangoni kabla ya siku zake hakutwaa pweza mmoja tu. Ametwaa na uzao wote. Na aliyemtoa mdogo asiyefika nusu kilo, ambaye hata kanuni za uvuvi zamkataza, amepata fedha kidogo kwa kitu ambacho kingaliachwa miezi michache kingalikuwa kizito mara mbili na zaidi.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, iko amri ndogo ambayo sisi wahubiri twaipita upesi. Mtu akiona kiota njiani au mtini, aweza kuwatwaa makinda, lakini mama yao amwache aende zake. Tazameni: kile kiota ni cha nani? Si cha mtu. Hakikujengwa na mwenye shamba, wala aliyekiona hakuingia boma la mwenziwe. Hata hivyo Mungu ameweka mpaka. Ndipo tuonapo kosa katika maneno ya ndugu yetu wa barazani. Amesema kweli kwamba kitu hakina mwenyewe. Amekosa aliposema kwamba kwa hiyo hakina mpaka. Mambo haya mawili si mamoja.

Tena Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ambayo watoto wetu huisoma, alipoieleza amri ya saba hakukoma penye kutoiba. Afundisha kwamba yatupasa kumsaidia jirani alinde mali yake na riziki yake, izidi kustawi. Na riziki ya mvuvi si zile samaki walio ndani ya chombo chake leo tu. Ni wale pia atakaowakuta majini bamvua lijalo. Atakayewamaliza leo hajaingia nyumba ya mtu, wala hatapelekwa mahakamani kwa wizi, lakini jirani yake atarudi pwani na kapu tupu.

Habari ya baruti sitaikalia sana, maana haina shaka. Ilianza kutumika katika pwani yetu miaka ya 1960. Mlipuko mmoja huua wakubwa na wadogo pamoja, wengi wao huzama wasiokotwe, nayo matumbawe huvunjika yakawa kifusi ambacho hukaa miaka mingi bila kurudi uhai. Mwaka 1994 ulianzishwa mpango wa pwani ya Tanga, ambamo watu wa vijiji kama Kigombe walishauriana kuhusu miamba ya kufunga na namna ya kuilinda. Baruti ilipungua, kisha katika miaka ya 2000 ikarudi kwa nguvu, mpaka serikali ilipoikabili kwa ukali karibu na mwaka 2016. Jambo moja tu nataka mwalitafakari, ninyi walimu. Mlipuko husikiwa na kijiji kizima, na samaki wake hujulikana sokoni, kwa kuwa miili yao huvunjika ndani. Basi ilikuwaje muda wote ule mashahidi wasipatikane? Walikuwa jamaa. Ni shemeji, ni mtoto wa ndugu. Amri ya nane twaifundisha kana kwamba humhukumu asemaye uongo peke yake, na anyamazaye twamwacha aende nyumbani na samaki wake.

Sasa nafika mahali penye ugumu. Luther huyo huyo, katika Katekisimo Kubwa, alipoieleza amri ya tano asema kwamba amwonaye mtu akifa kwa njaa asimlishe, huyo amemwua. Neno hilo halimsemi mvuvi. Lawasema wale wanaofunga mwamba.

Tuseme yuko mjane, naye hana ngalawa wala jarife. Chombo chake ni miguu yake na kijiti chake. Maji yakipwa wakati wa bamvua huenda mwambani akatafuta pweza, chaza na kaa, siku chache tu katika mwezi. Jirani yake ana ngalawa na tanga na vijana wawili. Mwamba ukifungwa, mwenye ngalawa hupita juu yake akaenda maji makuu. Mjane hurudi nyumbani. Na barazani aliyesema sana ni nani? Ni mwenye ngalawa. Hivi sheria imewafunga wote kwa maneno mamoja, lakini mzigo wameupeleka kwa mmoja.

Mose hakuagiza hivyo. Katika Kutoka, sura ya 23, nchi yaambiwa ipumzike mwaka wa saba, na papo hapo yatajwa sababu, ndiyo kwamba maskini wapate kula. Pumziko la nchi halikutolewa kinywani mwa maskini. Kwa hiyo mimi nahukumu kwamba kuufunga mwamba ni haki, na pengine ni wajibu, ila si kila namna ya kufunga. Sehemu iliyo karibu, ifikiwayo kwa miguu, isifungwe yote kwa wakati mmoja. Wanawake waendao mwambani waketi barazani, tena wao ndio waseme ni mahali gani pafungwe, maana wayajua mapango kuliko wenye vyombo. Na siku ya kufungua, maji ya kwanza wapewe waendao kwa miguu, kabla ya wazamiaji.

Wengine wasema, wanawake na walime mwani. Ni kazi njema. Unguja wameifanya tangu 1989, na nyumba nyingi zimejengwa kwayo. Lakini ule mwani wenye bei nzuri hufa maji yanapopata joto, na bei huamuliwa na wanunuzi walio mbali. Kumwambia mjane mwenye njaa leo, "Nenda kalime mwani," pasipo kamba wala mbegu wala mnunuzi, ni kama yale maneno matupu ya amani anayoyakemea Yakobo katika sura ya 2 ya waraka wake.

Bado wako wageni. Katika kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi ya Madagaska, watu walifunga mwamba wao mwishoni mwa mwaka 2004, wakaufungua katikati ya mwaka 2005. Pweza walikuwa wengi na wakubwa. Lakini habari zilikuwa zimeenea, watu wa vijiji vingine wakaja makundi makundi, na faida ile ikaliwa kwa siku chache. Hawakukata tamaa. Vijiji vilishikana, vikatunga sheria za pamoja ziitwazo dina, vikaunda umoja uitwao Velondriake, na desturi ya kufunga mwamba ikaenea pwani ile. Waliona kwamba kijiji kimoja peke yake hakiwezi kulinda maji.

Kwetu nako wavuvi huenda dago, wakapiga kambi miezi mingi pwani ya watu. Kumfukuza mtu wa dago kwa kuwa ni mgeni siwezi kulikubali, nikimkumbuka yule Msamaria. Walakini mgeni ashike mpaka ule ule, na mkubwa wa kambi aitwe barazani kabla ya mwamba kufungwa, si baada ya kukamatwa. Na kwa kuwa majirani zetu wengi wa pwani ni Waislamu, baraza hilo si la kanisa; tukae humo kama wanakijiji, nasi tusitake kuongoza mahali tusikochaguliwa.

Neno la mwisho ni faini. Naomba walimu walio waandishi wa vikundi hivi waandike kila shilingi, na daftari lisomwe mbele ya watu wote, na fedha ziende kwenye mafuta ya mashua ya ulinzi na kwa wale waliokosa chakula kwa ajili ya kufunga. Zikipotelea mfukoni mwa mtu mmoja, usiku wa pili mtaziona taa juu ya mwamba.