Wajina wa Mbali

Nchini Marekani wapo maelfu ya wanawake wanaoitwa Imani ambao hawajawahi kukanyaga pwani ya Afrika Mashariki, wala hawana bibi aliyewahi kusema Kiswahili. Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1966 Maulana Karenga, ambaye alizaliwa akiitwa Ronald Everett, alianzisha sherehe za Kwanzaa huko California akazijenga juu ya maneno saba: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Mshairi LeRoi Jones wa Newark akawa Amiri Baraka, mkewe Sylvia akawa Amina, na mtoto wao wa mwaka 1970, ambaye mwaka 2014 alichaguliwa kuwa meya wa mji huo, wakamwita Ras Jua.

Tangu siku hizo swali halijaisha: je, walikuwa na haki? Mababu zao wengi walichukuliwa Afrika Magharibi na pande za Kongo na Angola, si Kilwa wala Bagamoyo. Wapo waliosema wamechagua lugha isiyo yao, na wapo waliojibu kwamba ndiyo sababu ya kuichagua, maana Kiswahili si cha kabila moja. Siku hizi swali hilohilo anaulizwa mzazi wa Oslo anayempa mwanawe jina la Malaika, na mzazi wa Mbagala anayemwita wake Brayan.

Nadhani swali la haki linatupeleka kombo tangu mwanzo, kwa kuwa linalichukulia jina kama mali. Mtu akichukua ng'ombe wangu, zizi langu limepungua. Akimwita mwanawe Baraka, Baraka wa Tandika bado ni Baraka, hajapungukiwa na kitu. Kama kuna kosa katika kuchukua jina la watu wengine, basi si kosa la wizi. Tulitafute kwingine, tukianza na jina lenyewe hufanya kazi gani.

Mwanafalsafa John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alishikilia kwamba jina la mtu humtaja mwenyewe bila kueleza sifa yake yoyote. Mama aliyemwita mwanawe Shida kwa sababu alimzaa mwaka wa njaa angemshangaa. Hata hivyo Mill hakukosa kitu: Shida akikua akatajirika, bado ni Shida, na hakuna anayesema jina lake ni uongo. Zaidi ya karne moja baadaye Saul Kripke, katika mihadhara aliyoitoa Princeton mwaka 1970, alieleza kinachofanya kazi hapo. Jina humfikia mwenyewe kwa kuwa watu wamepokezana. Alilitaja wa kwanza, wa pili akalisikia naye akalitaja, hadi likanifikia mimi. Ninapomtaja Kinjekitile wa Vita vya Maji Maji, simpati kwa sababu nazijua sifa zake zote. Nampata kwa sababu nimo katika mfululizo wa vinywa unaorudi nyuma hadi Ngarambe ya mwaka 1905.

Kripke alikuwa akizungumzia jina la mtu mmoja. Mimi naona hoja yake inafika mbali zaidi. Hata kabla ya kumpata mtoto, jina lina mfululizo wake: waliowahi kulibeba, waliolilia msibani, waliolitaja kwenye dua. Anayelichukua anamwingiza mwanawe katika safu hiyo, ajue asijue.

Sisi tunalijua jambo hili kwa matendo. Watu wawili wenye jina moja wakikutana ndani ya daladala hawaachani hivihivi. "Kumbe wewe wajina wangu!" Papo hapo utani unaanza, mmoja anasogea mwenzake akae, nauli inaweza hata kulipwa kwa wawili. Pwani wengi husema somo. Mtoto aliyepewa jina la shangazi yake hukua akijua kuwa shangazi huyo si sawa na mashangazi wengine: nguo ya Idi hutoka kwake, na siku akiharibu, ndiye wa kwanza kumwita pembeni. Hakuna mkataba ulioandikwa. Kuitwa sawa kumetosha kuwafanya wadaiane.

Jina, basi, ni undugu ambao wazazi wanauanzisha kwa niaba ya mtu asiyejua bado kusema. Hapo ndipo uzito ulipo. Mtu mzima akijibadilisha jina, kama alivyofanya Karenga, mzigo ni wake na anaweza kuutua. Mtoto anabebeshwa siku ya saba, nywele zikinyolewa, yeye akilia kwa sababu ya wembe. Mwalimu wa darasa la kwanza atakapomuuliza, "Hili jina lako la wapi?", hatakuwapo baba wala mama wa kumjibia.

Kuazima kwenyewe hatuna uso wa kukukataza. Asha, Fatuma, Hadija, Hamisi na Rajabu yalivuka bahari pamoja na dini na biashara. Petro, Yohana na Mariamu yakaja na misheni. Tena hatukuyaacha yalivyokuwa. Fatima tulimfanya Fatuma, Aisha akawa Asha, Khamis tukamlainisha kooni akawa Hamisi. Leo hakuna anayemwona Fatuma wa Lamu kuwa amevaa jina la watu, kwa sababu pana bibi yake Fatuma, na bibi wa bibi yake. Ndiyo maana siwezi kumcheka mtu wa Newark aliyemwita mwanawe Jua, au wa Atlanta aliyemwita wake Zuri, ingawa kwetu hatuiti hivyo. Wamefanya tulichofanya. Wakilidumisha kwa vizazi vitatu, vinne, litakuwa jina lao lenye wafu wake na sherehe zake.

Ila yapo majina ambayo hayakuazimwa, yalibandikwa. Mtu maarufu kati ya walioongoza misafara ya karne ya 19, aliyetembea na Burton, Speke na Stanley, anaitwa katika vitabu Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, akakamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India. Mubarak ni jina la utumwani na Bombay ni jina la mji. Alilopewa na mama yake halimo katika maandishi ya wasafiri aliowaongoza. Unguja ya wakati huo ilijaa akina Mabruki na Feruzi waliokuwa na majina mengine huko bara walikotoka. Aliyefanyiwa hivi hakuingizwa katika undugu wowote, alikatwa kutoka katika ule aliokuwa nao. Waliomfuata Malcolm X, aliyeweka herufi X mahali pa jina la bwana wa mababu zake, walikuwa wakililia jeraha hilohilo. Huwezi kuwaelewa wazazi wa Ras Jua bila kumkumbuka Bombay.

Wala dawa ya kubandikwa si kubanduliwa kwa amri. Mwaka 1972 Joseph-Désiré Mobutu alijiita Mobutu Sese Seko na kuwalazimisha raia wote wa Zaire waache majina ya ubatizo, na mapadri waliobatiza kwa majina ya Kizungu wakatishiwa kifungo. Maria wa Bukavu, aliyeitwa hivyo kwa heshima ya bibi yake, akaambiwa bibi yake ni mgeni. Linganisha na Nyerere. Kwao Butiama aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa mvua ilinyesha siku aliyozaliwa. Alipobatizwa mwaka 1943 akawa Julius. Hakuona haja ya kumfukuza mmoja ili mwingine apate kukaa.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa nyumba moja ya Hamburg. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa Aden mwaka uliofuata akawa Emily, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani aliyeitwa Ruete. Watoto watatu waliozaliwa Ujerumani walipewa kila mmoja majina mawili, la huku na la kule: Antonie Thawka, Rudolph Said, Rosalie Ghuza. Mume akafa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, na mama akabaki na watoto hao katika nchi ambayo hakuna jirani aliyejua Thawka ni jina la namna gani. Rudolph Said alizaliwa miaka 13 baada ya kifo cha babu ambaye alipewa jina lake. Alikuzwa kama Mjerumani, akawa ofisa wa jeshi lao. Lakini alipokuwa mtu mzima akaliunganisha jina la babu na la ukoo, akawa Said-Ruete, na mwaka 1929 akatoa kitabu kizima juu ya maisha ya babu huyo, Said bin Sultan. Mama alimpa mwanawe jina la babu ambaye mtoto asingeweza kumwona kamwe. Mwana akatumia miaka kumtafuta wajina wake. Jina lililotolewa kwa dhati linaweza kumwita mtu hivyo.

Kinyume chake ni jina lililookotwa kwenye orodha kwa sababu linasikika vizuri. Chukua Doto. Usukumani pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Ukimwita Doto mtoto aliyezaliwa peke yake, popote atakapopita Mwanza au Shinyanga ataulizwa swali moja: "Kulwa yuko wapi?" Ataulizwa na muuza samaki, na karani, na mkwe. Wengine watanyamaza kwa huruma, wakidhani pacha wake alifariki. Mzazi hakumdhuru Msukuma yeyote. Amemdhuru mwanawe, kwa kumpa kiti chenye mwenzake kisha akamnyima mwenzake. Uchunguzi wa siku moja, kwa kumuuliza mwenye lugha, ungetosha kumwokoa.

Basi kwa mzazi anayetaka jina la mbali, Brayan au Malaika, neno langu ni hili: mtafutie mtoto wajina aliye hai. Awe mtu unayeweza kumtaja, kumpigia simu, kumpeleka mtoto akamsalimu. Ukimkosa hata mmoja, subiri, au chagua jingine.

Nasi wenyeji tuna sehemu yetu, kwa sababu undugu hauanzishwi na upande mmoja. Ukiwa Tanga, Mombasa au Bujumbura, akija mgeni kutoka Chicago akasema anaitwa Imani, huku akilitamka kwa lafudhi ya kwao, usianze kwa kumsahihisha, wala usimhoji babu yake alitoka wapi. Kama mtaani kwenu yupo Imani mwingine, mwite. Waketishe pamoja, waambie kuwa wao ni wajina, kisha uwaache wazungumze.