Shakivale wa Tosamaganga
Mtu akisimama Tosamaganga, nje kidogo ya mji wa Iringa, mwezi wa Novemba, akaona ndege mbuai azunguka juu pasi na kupiga bawa, atamwita mwewe na kuridhika. Jina hilo limekuwa kapu la kila mwenye makucha. Huyo aweza kuwa shakivale, na miongoni mwa shakivale wamo wawili hawa: wa milimani, azaliwaye na kufa katika misitu ya nyanda za juu, na wa Urusi na Asia ya Kati, ajaye akiisha kulea makinda yake na kurejea kwao yapata Machi. Kwa mbali ni kama pacha. Wa milimani ana madoa ya hudhurungi kifuani. Msafiri mara nyingi ana mkia wa rangi ya kutu, ila rangi zake hutofautiana hata mjuzi akasita.

Tatizo ni kwamba moyo humtaka msafiri. Nani asiyependa kusimulia kuwa kamwona mja wa Urusi? Kumvika mwenyeji safari asiyoifanya, kwa kuwa safari yapendeza, ni kumdhulumu. Anayefutwa ni yeye asiyeondoka. (Watu wa pwani, wazoefu wa majahazi ya kaskazi, wanaijua tamaa hii ya kutukuza kitokacho mbali.)

Basi mtazamaji na angoje ndege ageuke, jua limpige kifuani. Akitoweka nyuma ya kilima kabla ya hapo, daftarini na liandikwe neno moja, shakivale, na nafasi ya pembeni iachwe tupu.