Siku Ngozi Itakaposema

Sifa zote njema ni za Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyetuvika ngozi matumboni mwa mama zetu kabla mwanadamu hajatuvika nguo, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu, aali zake na sahaba zake. Ama baad. Ndugu zangu katika imani, waume kwa wake, mlioshusha milango ya maduka Msimbazi na Narung'ombe kwa kitambo hiki, na ninyi mliokuja kwa miguu kutoka maofisini Posta na jasho la njiani halijawakauka, nakuusieni na kuiusia nafsi yangu iliyojaa taksiri kumcha Mwenyezi Mungu, na kuikumbuka siku ile ambayo vinywa vitapigwa lakiri, viungo vikapewa idhini ya kusema.

Leo nitasema juu ya upele na chawa. Naona wengine mnatabasamu, maana chawa tunaowajua siku hizi mjini ni wale wenye suti wanaowaganda wakubwa na kuwasifia hata usingizini, na hao dawa yao sijaiona duka lolote. Mimi nasema chawa hasa, wa kichwani na wa nguoni, na upele hasa, ule unaomkesheza mtu akijikuna. Na atakayeona kuwa maneno haya hayana hadhi ya siku ya Ijumaa, anisubiri nifike kwa Kaab bin Ujra.

Ijumaa mbili zilizopita, tulipokwisha kutoa salamu, kijana aliyekuwa kuliani kwangu alinigeukia anipe mkono. Mkono ukaja, ukasita njiani, akaurudisha ndani ya kanzu. Katika kule kusita nikaona: baina ya vidole vipele vyekundu vilivyochunwa kwa kucha, na kwenye kiwiko cha mkono vijistari vyembamba, kama uzi uliopita chini ya ngozi. Na mimi, naungama mbele yenu, mkono wangu nao ukarudi. Wake ulirudi kwa haya, wangu ulirudi kwa khofu na kinyaa, na Mola wetu aijuaye khiana ya macho anaijua tofauti ya mikono ile miwili. Nilikwisha kuvaa makubadhi ndipo moyo uliponisuta, nikamwita.

Ni mpagazi. Anabeba marobota ya vitambaa kutoka kwenye malori mpaka maduka ya juu, kazi ambayo ndiyo asili ya jina la mtaa huu, kwani Kariakoo si neno lingine ila Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita ya kwanza ya dunia. Mfukoni alikuwa na cheti cha daktari kilichokunjwa mpaka kimeanza kukatika kwenye mikunjo: losheni ya BBE, ya kupaka upele, chupa moja. Siku nne alikuwa amekizungusha. Duka moja wakamwambia haipo. La pili, imeisha, labda wiki ijayo. La tatu wakamuuzia, bila kukitazama cheti, krimu ya mchanganyiko yenye steroidi, ambayo hutuliza mwasho kwa siku chache na kuwaacha wadudu waendelee kuzaana kwa raha zao. Na msamaria mmoja wa barabarani akamwelekeza kwenye dawa za mifugo, akajipige sindano ya ng'ombe.

Tukaondoka pamoja. Duka la sita, uchochoroni, tulimkuta binti mfamasia aliyekuwa nayo, akaiweka chupa juu ya kaunta, kisha akamuuliza kijana swali ambalo hakuna aliyelikumbuka kabla yake:

"Mnalala wangapi?"

"Saba."

Akairudisha chupa karibu yake. "Basi, mzee wangu, shikamoo, naweza kuwauzia hii moja, lakini nitakuwa nimechukua hela yenu bure."

Ndugu zangu, na lisikilizwe neno la binti yule, kwa kuwa lina fiqhi ndani yake. Mdudu wa upele hata jicho haliwezi kumwona ila kwa taabu. Jike hujichimbia chini ya ngozi ya juu, akataga mayai mawili matatu kila siku, na anayeupata kwa mara ya kwanza hukaa wiki nne, hata sita, bila kuhisi kitu, huku akiwa tayari anawagawia wenziwe anaolala nao ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo anayejikuna si mgonjwa peke yake. Mgonjwa ni chumba kizima. Ukimtibu mmoja na sita wakabaki, umemkopesha afya ya siku kumi, atakuja kuilipa kwa riba. Dawa yake ni wote kujipaka usiku mmoja, na wote kurudia kama walivyoelekezwa, na shuka na nguo kufuliwa kwa maji ya moto au kufungwa ndani ya mfuko siku kadhaa mpaka wadudu wafe kwa kukosa ngozi. Ipakwe baada ya Isha, kuanzia shingoni mpaka nyayoni, na chini ya kucha; na anayetawadha alfajiri akaiosha mikononi, aipake tena mikono. Mwasho unaweza kubaki wiki mbili tatu baadaye, basi asikate tamaa akasema dawa ni feki.

Mtauliza, mbona maradhi ya kale namna hii dawa yake iwe ya kutafutwa kama jini? Kwa sababu ni maradhi ya watu wasio na sauti. Shirika la Afya Duniani limeyaingiza katika orodha ya maradhi ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017 tu, na vidonge vya ivermectin vikaandikwa kuwa dawa muhimu ya upele mwaka 2019 tu. Na vidonge hivyo si vigeni kwetu. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ya Marekani iliahidi kuvitoa bure kwa wagonjwa wa usubi kwa muda wote vitakapohitajika, ahadi ikaja kupanuliwa kwa matende, na wengi wenu mmevimeza katika kingatiba, mkisimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu. Ndugu zetu wa Zanzibar walianza kumeza mwaka 2001 kwa nia ya matende, na wataalamu walipofungua madaftari ya zahanati za Unguja wakakuta wagonjwa wa upele nao wamepungua mno. Hakuna aliyekuwa ameulenga upele. Rehema ilipita njia yake. Lakini dawa ya msaada huja kwa hesabu, kwa maradhi yaliyotajwa, na kampeni ikifungwa, mwenye upele hubaki na cheti chake mkononi. Tena si kila mtu hupewa: mjamzito na mtoto asiyefika kilo 15 hawapewi vidonge hivi, hao wana dawa zao za kupaka, kama marhamu ya salfa, na mwenye kujua ni daktari na mfamasia, si jirani wala dalali.

Sasa Kaab bin Ujra. Mwaka wa sita wa Hijra, pale Hudaibiya, sahaba huyu alikuwa ndani ya ihramu, na aliye katika ihramu, kama mjuavyo, hanyoi unywele hata mmoja. Alikuwa akichochea moto chini ya chungu, na chawa wakimdondoka kutoka kichwani mpaka usoni. Mtume wa Mwenyezi Mungu, rehema na amani zimshukie, akapita, akaona, na hakugeuza uso. Alimuuliza kama wadudu wale wanamuudhi. Kisha ikashuka rukhsa ndani ya Kitabu, inasomwa mpaka Kiyama: anyoe, na atoe fidia, afunge siku tatu, au alishe maskini sita, au achinje. Na katika safari nyingine Abdurrahman bin Auf na Zubeir bin Awwam walipolalamika, riwaya moja ikasema mwasho na nyingine ikasema chawa, waliruhusiwa kuvaa hariri, ambayo ni haramu kwa wanaume. Zingatieni. Ihramu ililegezwa kwa ajili ya chawa. Hariri ilihalalishwa kwa ajili ya mwasho. Sheria ya Mola wa mbingu ilimpisha mtu mmoja anayejikuna, nasi tunashindwa kumpisha kwa faida ya shilingi kadhaa, kwa kinyaa chetu, kwa uvivu wetu wa kuuliza mnalala wangapi!

Mmezoea kusikia kwamba ngozi zitatoa ushahidi juu ya wenyewe, na mkitafakari ushahidi huo mnafikiria zinaa, au wizi, au kofi alilopigwa yatima. Mimi tangu Ijumaa ile nakifikiria kiganja changu cha kulia. Kitasema nini? Kitasema: nilikuwa mzima, sina hata kipele, nikanyooshewa mkono wa Muislamu, nikarudi. Iogopeni siku ngozi itakaposema. Ewe mwenye duka uliyeficha katoni nyuma ukingojea bei ipande, nawe wajua Mtume wetu alimwita mwenye kuhodhi mkosefu, kidole chako kilichosukuma katoni ile nacho kina ngozi. Ewe mwenye nyumba unayepangisha chumba cha watu wawili kwa watu saba na kuchukua kodi ya kila kichwa, mkono unaopokea kodi una ngozi. Nawe mwalimu wa madrasa uliyemrudisha mtoto kwao mbele ya wenzake na kusema asikanyage tena mpaka apone, hujamuuliza mama yake kama ana nauli ya kufika kwenye dawa, je, unadhani ulimi wako hauna wa kuushuhudia?

Na ninyi mama zangu na dada zangu, hapa nitakaa kidogo. Binti wa kazi anayewalelea watoto, akionekana anajikuna, hufungiwa nguo zake ndani ya mfuko na kupandishwa basi alfajiri kurudi kwao, bila dawa, bila mshahara wa mwezi uliokatika katikati. Huyo amelala na wanenu kitanda kimoja kwa amri yenu. Amewaogesha. Mkimfukuza leo, wadudu wamebaki godoroni, nanyi mmeongeza dhuluma juu ya maradhi. Mtibuni pamoja na watoto, pamoja nanyi wenyewe, usiku mmoja. Na mwenye chawa kichwani msimpake mafuta ya taa; wapo watoto waliowahi kuungua kwa cheche ya jiko.

Wala asiseme mtu kuwa haya ni maudhi madogo. Kidonda cha kucha ni mlango, na vijidudu vinavyoingia hapo huweza kufika hata kwenye figo za mtoto. Wazee wetu walisema upele humwota asiye na kucha, nasi tuliopewa kucha tumezificha mifukoni.

Umri nao, ndugu zangu, hautungoji tujipange. Tarehe 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi, ghorofa liliporomoka hapa hapa Kariakoo, na watu waliokuwa na funguo za maduka mikononi, na hawala za wiki ijayo, na ahadi za kukutana Adhuhuri, waliitwa kabla ya Adhuhuri. Wapo miongoni mwao mliowadai. Wapo waliowadai ninyi. Aliyekuwa ameazimia kumnunulia jirani dawa mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi ulikuja pasi naye.

Kumsaidia mgonjwa kuipata dawa ni faradhi ya kutoshelezana: wakisimama baadhi yetu, wengine husalimika, tukikaa wote, dhambi huzikalia shingo zetu zote, na ngozi zetu zote zitaitwa. Kusaidia si kutoa fedha tu. Mwenye gari apite na cheti cha mtu maduka ya mbali. Mwenye duka ambaye hanayo ampigie simu mwenzake aliye nayo, badala ya kusema haipo na kugeukia mteja mwingine. Anayejua kusoma amsomee asiyejua namna ya kupaka.

Yule kijana yupo leo. Hayupo safu ya mbele, yupo nyuma karibu na nguzo, na nawaomba msigeuke kumtazama. Tumekubaliana na wenziwe sita kwamba kesho baada ya Isha watajipaka wote, na wiki ijayo watarudia, kwa hiyo zinahitajika chupa kumi na nne. Binti mfamasia ameshatutafutia tisa. Daftari liko mlangoni kwa mzee anayetunza viatu, na baada ya swala mimi nitakuwa pale nguzoni, nina mkono wa kwenda kuutoa.