Ukarimu Usiosema Kweli

Mwaka juzi tulipokea wageni kumi na wawili kutoka Marekani. Walikuwa na wiki mbili za huduma nchini, na siku moja kati ya hizo, Jumamosi, walitupa sisi wa Chamazi. Coaster yao ilikaa kwenye foleni ya Mbagala kama tukaavyo sote, hata wakafika jua limeshakuwa kali. Walitaka kupiga plasta kuta za darasa la Shule ya Jumapili.

Tuliwapokea kwa vigelegele. Akina mama wa kwaya walipika wali na samaki, watoto wakaimba. Wageni walifanya kazi kwa moyo, nasi hatutaki kulisahau hilo. Mikono yao iliota malengelenge, wala hakuna aliyenung'unika. Lakini plasta hawakuijua. Ukuta haukumwagiwa maji kwanza, na matofali makavu yakanyonya maji ya plasta kabla haijashika. Ndugu yetu mmoja, fundi, mshirika wa hapa hapa, alikuwa amesimama chini ya mwembe akitazama. Alipotaka kusema, mzee wa kanisa akamshika bega: "Waache, baba. Hawa ni wageni."

Jioni tulipiga picha pamoja, tukawaambia kazi ni nzuri mno. Jumatatu nyufa zilionekana. Jumatano yule fundi aliibandua plasta yote, akaanza upya. Saruji tuliinunua kwa sadaka. Yeye tulimwambia ajitolee kwa Bwana, naye akakubali, ingawa wiki ile hakuwa na kibarua kingine.

Tumejiuliza tangu siku hiyo: je, tulitenda wema?

Wengi wetu tungejibu ndiyo. Mgeni hasahihishwi mbele za watu. Aliyesafiri kutoka mbali kwa nauli yake hastahili kuaibishwa. Hoja hii ina uzito, maana ndivyo tulivyolelewa. Lakini tukijichunguza kwa unyofu, hatukunyamaza kwa ajili ya adabu tu. Tuliogopa. Wageni walikuja na masanduku ya madaftari, na yalikuwapo mazungumzo ya mabati. Tulidhani tukisema kweli hawatarudi. Kimya chetu kilikuwa na gharama, na aliyeilipa si sisi tuliokaa meza kuu, bali fundi. Ukarimu ambao maskini wa nyumbani ndiye anayeulipia hauwezi kuwa sadaka yetu mbele za Mungu.

Tena tuliwakosea wageni wenyewe. Walirudi kwao na ushuhuda wa darasa walilolijenga, nasi tulijua kwamba ukuta ule haupo tena. Tuliwapenda, lakini hatukuwaamini vya kutosha kuwaambia.

Wako wanaosema tatizo ni siku moja. Kwamba wamisionari wa zamani walikaa. Ni kweli, Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe na mtoto wao mchanga mwaka huo huo, na bado akabaki. Lakini Filipo alikuwa na yule Mwethiopia kwa safari fupi tu ya gari barabarani, na mtu yule akabatizwa, akaenda zake akifurahi. Basi urefu wa muda hauamui yote. Filipo alianza kwa kuuliza, sio kwa kuhubiri. Krapf alianza kwa kuwa mwanafunzi wa lugha yetu, na katika kutafsiri kitabu cha Mwanzo alisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Mwislamu. Wote wawili waliwasikiliza kwanza wale waliotumwa kwao. Wageni wetu huenda nao wangefundishika. Sisi ndio tuliokataa kuwafundisha.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliutumia msemo huu mwaka 1962 alipoeleza Ujamaa, akisisitiza kwamba kila mtu afanye kazi. Sisi tunaona humo jambo jingine pia. Anayepewa jembe huonyeshwa shamba, na akilima vibaya huelekezwa, kwa sababu sasa ni mtu wa nyumbani. Sisi tuliwapa wageni jembe, tukawanyima maelekezo. Hivyo waliondoka wakiwa wageni kama walivyokuja.

Katika Luka sura ya 10, Bwana aliwatuma wale sabini bila mkoba, wale watakachopewa. Walikwenda kuhudumu, lakini iliwabidi pia kupokea mkononi mwa wenyeji. Mtu hawezi kupokea tusichompa, na kweli ni mojawapo ya vitu tulivyopaswa kuwaandalia mezani.

Mwaka huu kundi lile limeandika kwamba lingependa kuja tena. Baraza la wazee lilikaa, na mjadala ulikuwa mrefu. Mwishowe tumemlipa fundi ujira wake wa mwaka juzi na kumwomba radhi. Kisha tumewaandikia wageni habari yote ya ukuta, tukawaeleza kwamba safari hii fundi ndiye atakayesimamia kazi kwa malipo, na wao watakuwa saidia fundi. Jibu halijafika. Wapo kati yetu wanaosema tumewapoteza.

Tunaomba waje. Wakija, tutawapikia wali na samaki kama kwanza, na kabla ya plasta tutawaambia, kama tunavyomwambia ndugu yeyote, wachukue ndoo wamwagie ukuta maji.