Aliona Kwanza, Ndipo Akauza



Katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, aya ya 44, Bwana wetu atoa mfano mfupi sana. Mtu yumo shambani, aiona mali iliyofichwa ardhini, aifunika tena, kisha kwa furaha aenda kuuza kila alicho nacho apate kulinunua shamba lile. Ni mfano mtamu, nasi tumezoea kuusikia mimbarani. Mwaka huu tumeusikia mahali pengine kabisa: vijiweni na chini ya mikorosho, vinywani mwa watu wanaouza ramani.

Wengi wenu mwalifahamu jambo tunalolisema. Mtu aja na karatasi iliyokunjwakunjwa, imepakwa maji ya chai ionekane ya kale, ina mishale na msalaba na maneno mawili matatu yanayofanana na Kijerumani. Asema ni mali ya Mjerumani, sanduku la rupia, limefukiwa karibu na mbuyu au jiwe lenye alama. Zatakiwa fedha kidogo za kutangulia, halafu nyingine za mganga wa kumtuliza mlinzi wa mali, halafu nyingine tena. Kijana akisita aambiwa, "Hata yule wa kwenye Biblia aliuza vyote." Basi wako waliouza mbuzi, wako waliouza baiskeli, na wako waliouza korosho za msimu ujao kwa kangomba, hata maua hayajatoka. Na mashimo yameanza kuonekana karibu na makaburi ya wazee.

Sisi tuliomaliza miaka yetu ya kazi katika kufundisha walimu, tuliwahimiza wanafunzi wetu wakisome kifungu kwa kuvipanga vitendo vyake. Twawaomba mkifanyie hivyo kifungu hiki. Yule mtu aliona, akafunika, akaenda, akauza, akanunua. Vitendo ni vitano, na kuuza ni cha nne. Aliona kwanza, ndipo akauza. Mwenye ramani amempindua Bwana Yesu kichwa chini miguu juu: uza kwanza, utaona baadaye. Tena tazameni alichokinunua. Alinunua shamba, wala hakuingia usiku na sululu katika ardhi ya jirani, wala hakufukua kaburi la babu wa mtu. (Wako wanaouliza kama alitenda haki kumnyamazia mwenye shamba. Ni swali jema, nasi twamwachia Padre.)

Na habari ya Mjerumani mwenyewe? Haikosi mzizi. Mwezi wa Oktoba 1917 palikuwa na vita vikali Mahiwa, upande wa Lindi, na mwishoni mwa Novemba mwaka ule jeshi la von Lettow-Vorbeck liliuvuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Ni kweli pia kwamba mwaka 1916 huko Tabora Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo. Kwa hiyo mtu akituambia ameokota sarafu ya kale akilima, hatutamwita mwongo. Lakini fikirini kidogo. Jeshi linalokimbia likificha kitu, lakificha kisionekane. Lina sababu gani ya kuchora mishale juu ya mawe? Alama ni barua, na kila barua ina aliyeiandika na aliyeandikiwa. Mjerumani wa 1917 hakuwaandikia barua vijana wa Nambambo. Ikiwa barua ipo, basi aliyeiandika ni huyo huyo anayeiuza.

Hapa ndipo penye kiini cha neno letu. Kuna kuficha kwa namna mbili. Mmoja huficha asitake kitu kipatikane, naye haachi dalili. Mwingine huficha akitaka kipatikane, naye huweka dalili kwa uangalifu na upendo, hatua kwa hatua, mpaka mtafutaji afike. Kabla ya kuchukua jembe, yafaa kuuliza: aliyeficha, je, alitaka nifike?

Namna ya pili ina mchezo wake ulioenea duniani, uitwao jiokashi. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuziharibu kwa makusudi ishara za setilaiti zinazomwonyesha mtu mahali alipo, hata vyombo vya raia vikaanza kuonyesha kwa usahihi zaidi. Kesho yake, tarehe 3 Mei, mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer aliweka ndoo msituni karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon. Ndani yake alitia daftari na penseli na vitu vidogo vidogo, hata mkebe wa maharage, kisha akatangaza nyuzi za mahali pale, kusini na kaskazini, mashariki na magharibi. Katika siku chache tu ndoo ikaonekana. Desturi ikawa hii: ukipata, andika jina lako daftarini, na ukitoa kitu, acha kingine kwa ajili ya ajaye. Baadaye wakatunga aina ngumu zaidi, ambayo nyuzi zinazotangazwa si zile za kweli. Sharti ufumbue fumbo kwanza, nalo ndilo litakalokupa nyuzi zenyewe. Watu hukesha juu ya mafumbo hayo. Lakini angalieni kanuni zao: mkebe haufukiwi ardhini, na mwenye ardhi huombwa ruhusa. Laiti wauza ramani wetu wangalikuwa na kanuni hizo mbili tu!

Wala tusidhani kwamba elimu hii imetoka Marekani. Askofu Edward Steere, ambaye mwaka 1876 alifika Masasi na kuwaacha pale wale waliowekwa huru kutoka utumwani, wakawa mwanzo wa Kanisa letu upande huu, alikuwa amekwisha kuchapisha hadithi za Waswahili huko London mwaka 1870. Mojawapo ni ya Liongo. Mnaikumbuka: Liongo amefungwa kwa minyororo, na askari wanakula kila chakula kizuri anacholetewa. Basi kwa maneno ya fumbo, kwa kinywa cha kijakazi, apeleka habari kwa mama yake kwamba apike mkate wa pumba na kuzitia tupa ndani yake. Askari walipoona pumba waliidharau, wakamwachia mfungwa. Fumbo lile lilitungwa kwa ajili ya mama. Askari walilisikia wote wasilielewe, mama alilielewa mara moja, kwa sababu mtungaji alimjua mama yake. Twasema hivi kama walimu: mtihani mzuri hutungwa na mtu anayemjua atakayeufanya. Anayetunga ili mwanafunzi aanguke, huyo si mwalimu, ni mtegaji.

Kwa sababu hiyo, sisi wazee tunaosaidia Shule ya Jumapili tumewatungia watoto na vijana wa kipaimara msako wa hazina, utakaofanyika Jumatatu baada ya Pasaka. Kazi yake imetuchosha kuliko kutunga mitihani ya chuo. Msako hutungwa kuanzia mwisho: kwanza wachagua mahali pa mkebe, ndipo warudi nyuma dalili kwa dalili mpaka mlango wa kanisa. Kila dalili yapasa kuwa na jibu moja tu. Kitendawili chenye majibu matatu yaliyo sahihi si kigumu, ni kibovu. Tena kila tulichotunga tulimpa mtu asiyekuwamo katika kutunga akijaribu, maana mtungaji huona njia nyeupe pale ambapo mgeni aona kichaka.

Dalili ya kwanza ni nyepesi, ili hata wadogo waanze kwa furaha: mama yumo ndani ya nyumba, mtoto ananing'inia nje. Mtoto gani wa Nachingwea asiyejua bibo na korosho yake? Ya pili yauliza habari ya njia ya gari-moshi isiyo na reli. Hii hawataiweza peke yao. Itawabidi wakae na wazee, wasimuliwe mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, na reli iliyotoka pwani mpaka Nachingwea, ambayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tumeiweka makusudi, kwani watoto wetu hawatuulizi kitu siku hizi, wauliza simu. Ya tatu yatoka katika Zaburi ya 119, iliyopangwa kwa herufi 22 za Kiebrania, aya nane kwa kila herufi. Atakayezidisha atapata 176, na hizo ndizo hatua za kwenda. Hapo tulibishana jioni nzima kuhusu hatua za nani, mpaka tukakubaliana kupima kwa kamba yenye mafundo, maana hatua ya mtoto wa darasa la tatu si hatua ya katekista.

Na atakayeshindwa? Katika vitendawili vyetu aliyeshindwa hutoa mji, naye aliyetega humpa jibu. Hakuna mtoto aliyewahi kurudishwa nyumbani bila jibu. Basi katika kila kituo ataketi mzee mmoja. Atakayeshindwa atatoa mji, Lindi au Masasi au Ruangwa, apewe jibu na aendelee na wenzake.

Lakini hatutaki mtu avujishe jibu mapema. Mwaka 1979 msanii Mwingereza Kit Williams alitoa kitabu cha picha kiitwacho Masquerade, ambacho mafumbo yake yalielekeza mahali alipofukia sungura wa dhahabu, katika bustani ya Ampthill. Watu wengi walichimba huku na huku. Mwaka 1982 sungura akachukuliwa na mtu aliyejiita Ken Thomas, naye akashangiliwa. Mwaka 1988 gazeti likafichua kwamba hakufumbua fumbo hata kidogo. Alisaidiwa na habari zilizotoka kwa mwanamke aliyewahi kuishi na msanii yule. Waliolifumbua kwa haki walikuwa walimu wawili wa fizikia, Mike Barker na John Rousseau, nao walichelewa kidogo tu. Twakiri kwamba tunawapendelea kwa kuwa ni walimu! Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Samsoni katika Waamuzi 14. Wafilisti walilipata jibu kwa kumtisha mkewe, wakavaa mavazi ya watu thelathini waliouawa. Jibu walikuwa nalo, ila hawakumwona simba wala hawakuionja asali.

Mungu wetu naye huficha. Aliificha nuru ya mataifa katika hori la ng'ombe, na Mamajusi walisafiri wakiifuata nyota. Hata hivyo nyota iliwekwa ili wafike, na walipopotea wakaingia kwa Herode, walisomewa Maandiko, wakaelekezwa Bethlehemu. Hakuna aliyewatoza fedha njiani. Zawadi zao walizitoa walipomwona Mtoto, si kabla.

Basi kijana yeyote aliyeuziwa ramani, au anayekaribia kuuziwa, na aje nayo kwetu Jumapili baada ya ibada, kabla hajatoa hata shilingi moja. Hatutamcheka wala hatutamtangaza. Tutaikunjua pamoja mezani, tumwulize maswali matatu: nani aliichora, alimchorea nani, na huyu anayeiuza amezuiwa na nini asiende kuchimba mwenyewe? Na aliyekwisha kuchimba karibu na makaburi, aje na jembe lake siku ya Jumamosi. Tutakuwa pale tangu asubuhi kuyafukia mashimo.

Watoto wa msako waje na penseli na daftari. Wavae viatu vya kufunika miguu, maana nyasi zingali ndefu.