Je, Tumfiche Mgonjwa?

Twaijua desturi iliyoenea kwetu: ugonjwa mzito ukigunduliwa, ndugu humvuta daktari kando na kumsihi, "Usimwambie mwenyewe, atavunjika moyo." Hufanya hivyo kwa mapenzi. Lakini je, ni haki?

Na tutazame mfano. Tuseme mama mmoja wa Ilomba, jijini Mbeya, aumwa tumbo. Apelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na picha zaonyesha uvimbe wenye maji katika kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya mfuko wa chakula, kitoacho maji ya kuyeyusha chakula na kuizuia sukari isizidi katika damu. Uvimbe huo si wa aina moja. Pengine si uvimbe hasa, bali ni maji yaliyokusanyika baada ya kongosho kuugua au kuumia. Pengine una maji mepesi, nao ni shida sana kugeuka saratani. Pengine umejaa ute mzito. Huu huwapata hasa wanawake, na kwa kupita miaka waweza kugeuka saratani. Wataalamu walizipambanua wazi aina hizi mbili za mwisho mwaka 1978 tu. Hata leo, picha za CT na maji yaliyovutwa kwa sindano havitoi jibu la hakika kila mara.

Na kisu nacho kina gharama yake. Mkia wa kongosho ukikatwa, mara nyingi wengu huondolewa pia, maji makali yaweza kuvuja tumboni, kisukari chaweza kufuata, wachache hufa. Walakini uvimbe wa ute ukiondolewa wote kabla saratani haijapenya, mgonjwa amepona kabisa. Basi, akatwe au angojewe?

Daktari azijua hatari hizo. Lakini ni mama peke yake ajuaye kama aogopa zaidi kisu au kuishi na shaka, na kama ataweza kujichoma sindano za kisukari maisha yake yote. Mwili ni wake. Wanaomficha hawamtui mzigo, wamemnyang'anya mizani.

Wengine watasema kwamba asiyejua hulala usingizi. Sivyo. Mgonjwa huona minong'ono, na hofu isiyo na jina hukua gizani. Tena, akishauriwa kungoja, hana budi kurudi kupimwa kila baada ya muda. Asiyeambiwa sababu, maumivu yakitulia, atarudi kwa nini?

Hatusemi kwamba ukweli utupwe kama jiwe. Usemwe polepole, kwa lugha aielewayo, wala neno saratani lisitajwe kana kwamba limethibitika kabla ya kupima. Nanyi wenye jamaa, kazi yenu ni kubwa: ingieni pamoja naye kwa daktari, ulizeni asichothubutu kuuliza, changeni nauli na gharama. Kisha mwacheni aseme mwenyewe. Pendo la kweli humshika mgonjwa mkono; halimfumbi macho.